Udongo wa Mama

Tangu nirudi, kila nikifika kitaluni kuna mmoja wenu anayeacha kumwagilia, anaegemea jembe na kuniuliza, "Mama Wambui, ni kweli walikukalia matanga ukiwa hai?" Si kweli. Hawakunikalia mimi. Na kwa kuwa kila ninapoanza kusimulia Mama Kamau huingilia na kuongeza chumvi, nimeamua kuandika mwenyewe, mara moja, kutoka hapa Kinale hadi Mkokoni na kurudi. Anayetaka chumvi zaidi aifuate baharini, iko tele huko.

Kinale hadi Nairobi

Mwanzo wake mnaujua. Binti yangu Wambui ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mkokoni, kijiji cha wavuvi upande wa bara wa Lamu, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu. Alipata mbegu za misonobari ya aina inayovumilia joto la pwani, akazipanda nyuma ya darasa lake. Ziliota vizuri, zikafika urefu wa kidole, halafu zikagoma. Majani yakageuka manjano na ncha zake zikawa zambarau. Alinitumia picha kwa simu na sikuhitaji kuitazama mara mbili.

Ninyi ugonjwa huo mnaufahamu, lakini Mama Kamau anasema atawasomea na wa kanisani, kwa hiyo naeleza. Msonobari hauwezi kujilisha peke yake. Mizizi yake inataka kuvu, zile nyuzi nyeupe tunazokutana nazo tukifukua majani makavu chini ya miti mikubwa, zenye harufu ya uyoga. Kuvu inatambaa mbali ardhini, inatafuta chakula na maji mahali ambapo mzizi haufiki, inauletea mti. Mti nao unaipa sukari uliyoipika juani. Ukipanda msonobari kwenye udongo ambao haujawahi kuona msonobari, kuvu hiyo haipo, na mche unakaa na njaa mpaka unakufa, hata ukiumwagilia maziwa. Ndiyo sababu hapa kwetu hatujazi kifuko kimoja cha mche bila kwenda kuchota udongo kidogo chini ya ule msonobari mzee ulio nyuma ya ghala. Ule mti tunauita Mama. Udongo wake ni udongo wa Mama. Miche tunaiita watoto, na mtoto akikubali udongo tunasema ameshika. Akishika hatumhamishi tena, maana ukimng'oa unamkata na zile nyuzi. Maneno haya mtayakumbuka mbele, kwa sababu yalinisumbua kuliko barabara.

Basi Wambui akaomba gunia dogo la udongo wa Mama. Lakini kabla ya kuomba alikuwa amesema jambo jingine. Mimi na baba yake tulikuwa tukimsihi arudi kwetu, kama kila mwaka. Ni mtoto wetu mmoja tu, na kila habari mbaya ikitajwa ya barabara za Lamu sisi hatulali. Siku hiyo alichoka na maneno yetu, akasema, "Sawa. Hii miche ikifa, naomba uhamisho nirudi. Ikishika, nabaki, na msiniulize tena." Akakata simu. Kwa hiyo nilikuwa naombwa nibebe, kwa mgongo wangu, kitu kitakachomfanya mwanangu asirudi.

Kuvu ile haipendi jua, haipendi kukauka, na chumvi haiipendi kabisa. Gunia lazima likae kivulini na liwe na unyevu muda wote. Baba Wambui alinisindikiza mpaka steji, akanipandishia mzigo, kisha akaniambia, "Huo udongo usiumwagilie sana. Ukikauka, umekauka." Tulicheka sote wawili, ingawa hakuna aliyekuwa akitania.

Nairobi hadi Mokowe

Kondakta alitaka kulitia gunia kwenye buti. Niliweka mkono pale chini nikasikia joto, nikamwambia gunia litakaa nami miguuni. Akaniuliza kama ni mayai. Nikamwambia ni zaidi ya mayai. Kuanzia hapo alikuwa akiliruka kwa heshima kila akipita.

Sina mengi ya kusema juu ya njia hiyo, nilisinzia sehemu kubwa. Nilipoamka miti yote niliyoizoea ilikuwa imekwisha. Hakuna mtarakwa, hakuna podo, hakuna hata saiprasi ya ua wa mtu. Kulikuwa na miiba, mikoma na mbuyu mmojammoja, na anga kubwa kupita kiasi. Mimi nimezaliwa chini ya miti yenye majani kama sindano, mahali ambapo ukungu unanasa kwenye matawi na kudondoka hata siku isiyo na mvua. Pale nilijiona kama nimevuliwa kofia.

Minjila tulisimama. Mabasi ya kwenda Lamu hukusanyika hapo ili yasindikizwe na polisi, na moja lililokuwa likisubiriwa lilikuwa limeharibika mahali. Tuliteremshwa, mizigo ikateremshwa, ikakaguliwa. Askari kijana akafika kwa gunia langu.

"Mathe, hii ni nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kupandia miti. Napeleka Mkokoni."

"Mathe, unapeleka mchanga Lamu?" Aliwaita wenzake waje wasikie. "Lamu si ndiyo iko na mchanga?"

Wakacheka wote na mimi nikacheka. Akafungua mdomo wa gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kutafuta alichokuwa akitafuta, akautoa, na kabla hajapangusa akaunusa.

"Hii ni ya paini," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni wa Londiani. Nyumbani kwetu iko karibu na msitu. Asubuhi inanuka hivi hivi."

Alifunga gunia mwenyewe, fundo zuri, akaniambia nipite. Sikumwona akipangusa ule mkono.

Gunia likabaki pale alipoliacha, katikati ya jua. Mimi nikaenda kukaa chini ya kibanda cha mabati nikanunua chai. Nilikuwa naliona vizuri kutoka pale. Jua la Minjila linakausha nguo kabla hujamaliza kuianika, na gunia jeusi linalipokea vizuri zaidi. Sikupanga lolote. Nilikaa tu nikanywa chai polepole kuliko ninavyokunywa, nikiwaza kwamba Mungu ndiye mwenye jua. Kisha nikasimama nikaenda kulivuta kivulini, nikalimiminia nusu ya maji yangu ya kunywa. Mimi nimemwagilia miche tangu nilipoolewa, na mkono una mazoea yake.

Langoni

Mokowe unaingia kwenye boti unavuka hadi kisiwani, na nilivuka nimefumba macho. Nilipokelewa na Bi Zena, ambaye mwanawe Swaleh anafundisha pamoja na Wambui. Yeye ni mzaliwa wa Pate, lakini ameishi mtaa huu wa Langoni tangu alipoolewa, katika nyumba iliyoshikana na nyumba nyingine pande zote, mpaka jirani akikohoa unamwambia pole. Gunia alilipa nafasi ya heshima kwenye baridi, kando ya birika la maji ya kuogea.

Ilikuwa nilale hapo usiku mmoja. Boti ya Mkokoni ingeondoka kesho, inshallah. Sisi huku tukiambiwa kesho tunafunga mizigo, na mimi nilifunga. Kesho yake nahodha, Bwana Athman, alisema maji hayafai, kwa sababu kuna mkondo mwembamba unaoitwa Mkanda ambao boti haipiti mpaka bahari ijae. Siku iliyofuata maji yalifaa lakini injini haikufaa. Nikawa nafunga na kufungua, na kila nikimaliza kufunga Bi Zena ananiletea chakula.

Hapa lazima niseme juu ya chakula. Chai yao haina maziwa, ina iliki na tangawizi, na nilipoionja mara ya kwanza nilidhani nyumba ina mgonjwa. Mahamri na mbaazi za nazi nilivipenda mara moja, na nimerudi na kilo ambazo mmeziona. Ila samaki. Mnajua sisi na samaki. Bi Zena aliniwekea mzima, ana kichwa, ananitazama, na nikaona aibu kukataa. Nilikuwa katikati ya vita na miiba yake wakati tulipozungumza mazungumzo yaliyoharibu kila kitu.

"Mama Wambui," aliuliza, "na gunia lile lina nini ndani yake?"

"Udongo wa Mama," nikamjibu, mdomo umejaa.

"Wa mamako?"

"Wa Mama tu. Nampelekea binti yangu. Watoto wake wanakufa."

Bi Zena akaweka kikombe chini. "Wana wanakufa?"

"Mmoja mmoja. Walianza vizuri, halafu wakawa manjano. Nikichelewa nitakuta wamekwisha."

"Subhanallah! Na wewe wala samaki umetulia hivi?"

Nilidhani analalamika kuhusu ulaji wangu, nikala haraka zaidi. "Tutafanya nini?" nikasema. "Wa kwetu wamekufa wengi kabla hatujajua. Sasa kila mmoja lazima apate udongo wa Mama, hata kiganja kimoja."

Akaniuliza kama udongo huo umetoka kwenye... akaishia hapo. Nikaona labda hajaelewa, nikamfafanulia. "Ni udongo wa mti, Bi Zena. Nimeuchota kwa mti."

"Nimefahamu, mama," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Udongo wa nti. Kulla mtu na nti yake, na mwisho wetu sote ni udongo."

Kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, nchi ni nti. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule niliona ni mama mwenye huruma sana na miti, nikampenda.

Jioni hiyo nyumba ilijaa wanawake. Walikuja wamejifunika mabuibui, wakanishika mkono mmoja mmoja kwa utulivu, wakaketi mkekani bila kelele. Mmoja alileta kaimati, mwingine halua. Hakuna aliyeniuliza habari za safari. Nilijisemea, hivi ndivyo watu wa Lamu wanavyopokea wageni, nasi Kinale tujifunze.

Langoni hadi Mkokoni

Hatimaye injini na bahari vilipatana. Bwana Athman alinipa nafasi ya katikati, pasipo na mtikisiko mwingi, akaliinua gunia langu kwa mikono miwili na kuliweka mbele yangu taratibu. Abiria walikuwa wachache, na masanduku ya barafu ya samaki, magunia ya unga, na godoro jipya. Nilitegemea makelele kama ya basi letu. Watu walinong'ona.

Mkanda tulikwama. Maji yalikuwa hayajajaa vya kutosha, boti ikakaa kwenye tope, tukasubiri katikati ya mikoko. Niliitazama hiyo mikoko kwa jicho la kazi. Mti unaosimama ndani ya chumvi, mizizi iko nje ikivuta pumzi, siwezi kuudharau. Lakini ni mti usiojuana na wangu kwa lolote. Nilianza kuwa na shaka na mzigo wangu. Kuvu iliyozoea baridi ya Kinale, itaamka katika nchi inayochemka hivi? Sikujua, na nilikuwa nimeanza kuona kwamba huenda nikampelekea Wambui udongo hai na miche ikafa vilevile, nami nikampata mwanangu bila kosa lolote. Wazo hilo lilinifurahisha zaidi ya lilivyopaswa.

Kando yangu aliketi mwanamke wa Mkokoni, Bi Mwanakombo, mnene, mchangamfu wa kuzaliwa aliyekuwa akijizuia. Alinipa tende. Akanipa tena. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Pole, mama. Mwalimu alikuwa mtu mwema sana."

Nilisikia neno moja tu. Alikuwa.

"Mwalimu yupi?"

"Wambui wetu." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Mngu ndiye mwenye kutoa na kutwaa."

"Ana nini Wambui?"

Akanitazama kwa mshtuko, akaelewa kwamba sijaambiwa, akaufunga mdomo wake. Nilimshika mkono nikamuuliza tena. "Subira, mama," alisema. "Si mimi wa kukwambia. Ukifika utaambiwa na walio wakubwa." Kwao, kama ilivyo kwetu, hakuna anayetaka kuwa mdomo uliotoa habari ya kifo kwa mzazi. Nilitoa simu, haikuwa na mtandao. Niliwatazama abiria na kila niliyemtazama aligeukia maji. Nikageuka nyuma nikamuuliza nahodha kwa sauti kubwa, "Binti yangu amekufa?"

Bwana Athman alikuwa anaangalia mkondo. "Mama," akasema, "mimi ni wa chombo tu. Mai yakiyaa tutafika, inshallah. Mshike Mngu."

Mnanijua kuwa si mtu wa kulia mbele za watu, na sikulia. Niliogopa. Niliogopa hadi sikusikia injini ilipowashwa. Miaka yote hii nimekuwa nikimwomba Mungu amrudishe Wambui nyumbani, ibada baada ya ibada, na sikuwahi kutaja anirudishie akiwa katika hali gani. Hilo ndilo nililowaza. Niliwaza vilevile juu ya ile chai ya Minjila niliyoinywa polepole.

Tulipotoka nje ya visiwa upepo ulikuwa mkali na mawimbi yakaanza kurusha maji ndani. Chumvi. Matone ya kwanza yalianguka juu ya gunia na nikaona yakiingia. Nilivua sweta, nikalifunika, nikavua na kitambaa cha kichwa nikalifunga mdomo, kisha nikaliinamia kwa kifua na mikono, na maji yakawa yananipiga mimi mgongoni. Kama mwanangu hayupo, miche ilikuwa ya nani? Sikujiuliza. Nililikumbatia hivyo mpaka boti ikapunguza mwendo, na ninaambiwa abiria wote walikuwa wanalia kwa sababu yangu.

Mkokoni

Watu walikuwa wamesimama ufukweni, wengi, kimya, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Nyuma yao kulikuwa na miti mirefu yenye majani membamba, ikivuma sauti ileile ya misonobari yetu wakati wa upepo. Hata hilo niliona ni la msiba.

Kisha mmoja wao akajitenga akakimbia kuingia majini na viatu vyake, leso imeanguka begani, macho yamevimba kwa kulia. Alikuwa Wambui.

"Mami!" alipiga kelele. "Baba amefanya nini?"

"Wewe uko hai?"

"Baba amekufa lini? Kwa nini hamkunipigia?"

"Nani amesema baba yako amekufa? Nimemwacha steji anatafuna muwa!"

Tukasimama pale, maji magotini, kila mmoja amemshika mwenzake mabega, tukiulizana nani amekufa na hakuna anayemjua. Nilimpapasa uso. Nilimpapasa na masikio. Hapo ndipo nililia, mbele ya kijiji kizima, na kama kuna anayetaka kunicheka ana ruhusa.

Ilichukua muda kufumua uzi huo. Boti ilipoondoka Bi Zena, kwa moyo wake mwema, alimpigia simu mwanawe Swaleh kumwambia mama wa mwalimu anakuja na udongo wa kaburi la kwao, ana msiba mzito, asiachwe peke yake. Swaleh akamwambia Wambui kwa upole. Wambui akahesabu watu wa kwao akaona aliyekuwa akilalamikia kifua ni baba yake, na akimpigia simu haipatikani, kwa sababu mnajua Baba Wambui na kuchaji simu, na mimi niko baharini bila mtandao. Huko Langoni nako habari haikukaa. Ilitoka nyumba moja ikiwa ni wajukuu wangu wanaokufa, ikaingia nyingine, na kwa kuwa Bi Mwanakombo alijua Wambui hana watoto, yeye na abiria wenzake waliamua kwamba aliyekufa lazima ni mwalimu mwenyewe.

"Sasa hao wana wa manjano ni nani?" aliuliza Bi Mwanakombo, amesimama kwenye mchanga na sanduku lake kichwani.

Wambui akawapeleka nyuma ya darasa, akawaonyesha. Miche, imejipanga kwenye vifuko vyake, manjano kama iliki iliyopauka. Bi Mwanakombo akaanza kucheka, kicheko kilichokuwa kimezuiwa tangu Mkanda, mpaka ikabidi ashike ukuta.

"Na zakula je?" mwanamke mmoja akauliza. "Tumepika masufuria matatu ya wali."

"Tule," akasema Bi Mwanakombo. "Wagonjwa wapo, mama yao amefika. Ndooni tuketi."

Tulikula matanga ya miche hapo hapo kivulini, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na samaki huyo nilimmaliza.

Swaleh, akijaribu kunifurahisha, alinionyesha ile miti mirefu ya ufukweni akasema misonobari wanayo ya kutosha, hata vikoni, yale matunda magumu yenye magamba, inatoa. Nilikwenda nikavunja tawi. Ukilivuta linakatika pingili pingili, na msonobari haufanyi hivyo. Ni mvinje. Unafanana na wetu kwa sura na kwa sauti, lakini si ndugu. Mvinje unafuga wadudu wake wasioonekana kwenye vinundu vya mizizi, unajitengenezea mbolea, unaota kwenye mchanga mtupu bila kusaidiwa na mtu. Nilimuuliza Wambui, kama mvinje upo na unakua wenyewe, kwa nini ajisumbue na mti unaotaka kubebewa udongo kutoka Kinale?

Alikuwa anachambua mfupa wa samaki na hakunitazama. "Nilitaka kitu cha kwetu kiote huku, Mami. Nione kama inawezekana."

Alasiri jua lilipolegea tulifungua gunia. Juu kulikuwa na chumvi kidogo, nikaondoa tabaka hilo nikalitupa. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, una unyevu, na nilipoumega zile nyuzi nyeupe zilikuwepo. Harufu ya Kinale ikatoka. Wanawake wa Mkokoni waliinusa kwa zamu, wakasema inanukia kama chumba kilichofungwa wakati wa mvua, na hawakukosea. Nikawaonyesha kazi. Unatengeneza tundu kwa kidole karibu na mzizi, unatia udongo kiasi, unafunika, unamwagilia maji ya kisima yasiyo na chumvi.

Wambui alikuwa ananipitishia vifuko.

"Ungeweza kuuacha ukauke," alisema.

"Baba yako alinishauri hivyo."

"Na wewe?"

"Minjila niliuacha juani."

"Halafu?"

"Halafu nikauondoa."

Alinipitishia kifuko kingine. Nilimwambia ukweli kuhusu mengine pia, kwamba joto lao sina uzoefu nalo, kwamba huenda isifanye kazi, na ikiwa haitafanya asiseme nilimdanganya. Akaniambia anajua, yeye ni mtoto wa kitaluni.

Nilikaa mpaka boti iliyofuata, yaani ile iliyoondoka kweli. Asubuhi nilimsikiliza akifundisha kutoka nje ya dirisha. Alikuwa anasema "ndia" na "mtanga" kama wao, si njia na mchanga, na darasa zima likimjibu. Hakujua kwamba anasema hivyo.

Kurudi

Langoni Bi Zena alinipokea amejifunika uso kwa aibu, na chini ya kitambaa alikuwa anacheka. Ndipo tukapanga maneno yetu mezani, mti wangu na nti yake, watoto wangu na wana wake. Alinihesabia pole za wanawake wote waliokuja kunifariji, akasema hazirudishwi, nibaki nazo mpaka siku nitakapozihitaji. Nimebaki nazo.

Minjila yule askari wa Londiani hakuwepo, na nilijikuta nikimtafuta kwa macho.

Nilipofika nyumbani Baba Wambui aliuliza jambo moja, "Uliumwagilia?" Nikamwambia niliumwagilia. Akaenda kuchanja kuni. Hatukulizungumza tena, ila niliona anaanza kuchaji simu kila jioni.

Mvua zilikuja zikapita. Uyoga uliota chini ya Mama, mkauona wenyewe, na bado kutoka Mkokoni hakukuwa na neno, ila salamu. Nilianza kusafisha chumba chake cha zamani. Nilitoa magunia ya mbegu tuliyokuwa tumeyaweka humo, nikaosha mapazia.

Juzi, nikiwa ninayatundika, simu ililia. Ilikuwa picha. Wambui alikuwa amechomoa mche mmoja, ameulaza kwenye kiganja. Majani yalikuwa kijani, kijani cha kwetu. Kwenye mizizi kulikuwa na vile vijiti vidogo vilivyogawanyika kama uma, vimevishwa weupe wa kuvu. Chini ya picha alikuwa ameandika neno moja: Wameshika.

Niliitazama mpaka simu ikazima taa yake. Nilifurahi, nisidanganye, ilikuwa kazi ya mikono yangu na ilikuwa nzuri. Halafu nikatoka nikaenda nyuma ambako Baba Wambui alikuwa akichanja kuni. Aliona uso wangu, akaliacha shoka kwenye gogo.

"Ni Wambui?"

"Ndiyo. Anasema watoto wameshika."

Alipangusa mikono kwenye suruali, polepole, mmoja halafu mwingine.

"Na yeye?"

"Naye ameshika," nikamwambia.